Ruta ya Shangazi Kuruthumu

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Nimeanza kuandika shajara. Sababu ya kwanza: nikija kuwa mtu mkubwa, watu wajue nilikotoka. Sababu ya pili: daftari la zamani la wageni lina kurasa nyingi tupu nyuma.

Hali ilivyo. Mimi, Seleman, ni kaimu meneja wa gesti ya Shangazi Kuruthumu hapa Bagamoyo. Vyumba tisa, choo ndani, feni, intaneti. Ishaka, mtoto wa baba mdogo, naye ni kaimu meneja. Makaimu wawili kwa vyumba tisa! Shangazi alitugawia cheo nusu kwa nusu mwaka jana, akarudi zake Lugoba. Ishaka ananiita kaka tangu utotoni kwa kuwa namzidi miezi minne, lakini heshima yake inaishia hapo.

Asubuhi Shangazi kapiga simu. Anakuja kesho, atakaa mpaka Jumapili. Mtu wake wa kutunza kuku kule Lugoba anaacha kazi mwisho wa wiki. Kwa hiyo Jumapili atachagua. Mmoja wetu abaki hapa meneja kamili, mwingine aende Lugoba kulea kuku mia tatu. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Siwezi kwenda Lugoba. Mimi ni mtu wa shati la kola. Kuku nawafahamu kwenye sahani tu.

Bahati imekuja na wageni. Mchana wamefika sita, wataalamu wa ufugaji wa kaa, wakiongozwa na Mama Eufrazia, mtu wa Morogoro, miwani yake inaning'inia kwa kamba shingoni. Asubuhi watakuwa kwenye kompyuta, mchana watakwenda Mbegani kuwaona kaa. Amenieleza tangu mlangoni kwamba wametuchagua kwa ajili ya bango letu. Bango nimeliandika mimi: INTANETI YA KASI USIKU NA MCHANA. Jumamosi saa nne asubuhi wana mkutano wa mtandaoni na wakubwa wao wa Dodoma. Wakiridhika, watarudi kila baada ya miezi mitatu. Shangazi akiona wageni wameridhika, nimebaki. Wakinuna, Lugoba.

Yote yako mikononi mwa ruta, kisanduku chetu cha intaneti. Inakaa ofisini kwangu juu ya kabati, na ufunguo wa ofisi ninao mimi peke yangu. Leo nimeiandaa kwa heshima ya Shangazi. Nimeifuta vumbi. Nikaivika kitambaa cha kufuma, kimoja kati ya vitatu alivyotuletea mwenyewe mwaka jana, akasema ni vya gesti. Vilikuwa bado kwenye mfuko wa nailoni. Kazi ya uhakika: uzi mzito, na chini bitana ya bahameli. Kimeifunika ruta yote mpaka chini. Kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ya marehemu babu ilikuwa na kitambaa chake, na televisheni ya kila nyumba ninayoijua ina chake.

Saa kumi na mbili jioni mtandao ukakata. Nikazima, nikawasha. Ukarudi. Saa moja ukakata tena. Mama Eufrazia akatoa kichwa mlangoni akauliza kama kasi yenyewe ndiyo hii.

Namjua mchawi wetu. Abdulrazak, kinyozi wa jirani! Wateja wake wanakaa kwenye ukuta wetu, simu mkononi, wanacheka peke yao. Mtu hachekei bando lake mwenyewe namna ile. Kesho nabadilisha paswedi.

Jumanne, 16 Septemba

Nimebadilisha paswedi alfajiri. Nilitaka neno ambalo Abdulrazak hawezi kulibahatisha na mimi siwezi kulisahau. Nikaweka lile lililokuwa kichwani muda ule: SHANGAZIASIJUE. Nikawaandikia wageni kwenye vikaratasi. Nikajipongeza kwa chai ya pili.

Shangazi ameingia saa tano na kiroba cha mihogo. Shikamoo, marahaba, habari za Lugoba, habari za kuku, zote tumezimaliza. Akakagua vyumba. Akapitisha kidole juu ya milango. Halafu akauliza viko wapi vile vitambaa vyake vitatu, mbona mapokezi havioni.

Hapo nikababaika. Ningesema viko ofisini, angetaka kuviona, na ofisini ruta ilikuwa inawaka taa nyekundu tangu saa nne. Nikasema viko kwa dobi. Akaitikia kwa kichwa. Imepita salama.

Haikupita salama. Shangazi amekaa barazani na kikombe chake, na Clever, mmoja wa wageni, akapaza sauti kutoka chumba cha mwisho kuuliza paswedi mpya ni ipi. Teddy, mwenzake, yuko bafuni. Akamjibu kwa sauti ya kushinda maji: Shangazi asijue! Yote pamoja! Herufi kubwa!

Shangazi akaweka kikombe chini. Akaniuliza asijue nini.

Nikamwambia ni jina la programu. Akasema vizuri, atakaa hapo hapo barazani mpaka ajue.

Na si yeye peke yake aliyesikia. Nimechungulia ukutani. Wateja wa Abdulrazak wote vichwa chini, wanabonyeza. Paswedi imeishi saa saba.

Jioni mtandao umekata mara tatu. Nimepiga simu duka lililotuuzia ruta. Kesho wanamleta fundi.

Jumatano, 17 Septemba

Fundi ni mwanamke, dada Linda. Ana begi la vifaa na hana muda wa salamu ndefu. Aliahidi saa nne, akafika saa nne! Nilishangaa mpaka nikasahau hotuba yangu.

Kabla hajafika niliivua ruta kitambaa, nikaifuta kwa kitambaa kibichi, nikaipangusa kwa kikavu. Huwezi kumpokelea fundi kitu kikiwa kimevaa. Ni adabu tu.

Akaiunganisha na kompyuta yake. Akapima. Akapima tena. Akanywa chai, akala vitumbua vinne, akapima mara ya tatu. Saa mbili nzima mtandao unakwenda kama maji! Akaandika kwenye karatasi yake kwamba ruta haina tatizo. Ishaka akaisoma karatasi ile kwa sauti mbele ya Shangazi, pole pole, kama anasoma matokeo ya mtihani.

Linda kaondoka saa sita. Alikuwa amefungua dirisha na vumbi limeingia, kwa hiyo nikairudishia ruta kitambaa chake, nikaongeza na cha pili. Saa saba kasoro, kimya. Taa nyekundu.

Nikampigia. Akarudi saa tisa, safari hii hata hakukaa. Nilishaivua na kuifuta, nimemtengenezea kila kitu tayari. Inafanya kazi! Amenitazama kwa muda. Akasema safari nyingine nisiguse chochote, niiache ilivyo, nimpigie ikiwa imezima. Nikasema sawa dada, ingawa sioni kwa nini fundi apokelewe na uchafu.

Nimekaa nimefikiri. Jibu liko wazi. Ruta inamwogopa Linda. Akiwepo inajikaza, akitoka inadeka. Kwa hiyo nikamkimbilia mpaka barabarani nikamwomba aniachie kofia yake, niitundike ofisini, ile yenye nembo ya duka. Akaniuliza kama nyumbani nina mtu wa kunitazama.

Wakati mimi nahangaika na mambo ya msingi, Ishaka anafanya nini? Kakaa na wageni kwenye meza ya chakula, anawarushia bando kutoka simu yake. Anajipendekeza waziwazi! Na Shangazi anaona, na anamwongezea samaki.

Alhamisi, 18 Septemba

Ushindi! Halafu si ushindi. Niandike kwa mpangilio.

Nimesoma kwenye simu kwamba ruta inapenda kukaa juu. Kumbe! Sisi tumeiweka juu ya kabati tu, tunaibana. Saa mbili asubuhi nimegonga msumari juu ya mlango wa baraza, nikaitundika huko, waya umezunguka fremu. Kitambaa kilikuwa kinateleza, nikaona basi, kwa leo ikae hivyo hivyo. Upepo wa pwani unaipiga pande zote.

Saa mbili, saa tatu, saa nne. Haijakata. Saa tano, saa sita. Haijakata! Clever kapakua video ya kaa wanaokula, akatuita wote tutazame. Mama Eufrazia kaniita mwanangu. Ishaka bando lake halina kazi. Nikatembea uani mikono nyuma kama bwana mkubwa. Nimegundua siri ya intaneti: ni urefu. Futi nane kutoka sakafuni, si pungufu.

Saa nane Shangazi akarudi kutoka sokoni.

Akasimama mlangoni. Akatazama juu. Akaniuliza kile ni nini. Nikamweleza kwamba ndicho kinacholeta mtandao, ndicho chombo cha thamani kuliko vyote katika nyumba yake. Nilitegemea sifa. Yarabi! Alinisema mpaka mwuza karanga akasimama kusikiliza. Kwamba chombo cha thamani nimekitundika juu ya mlango uchi kama kuku aliyenyonyolewa, kila mpita njia anakitazama mgongo. Kwamba yeye alilelewa nyumba yenye redio moja na redio ile haikuwahi kuonwa na mgeni bila kuvishwa. Kwamba hivi katika nyumba hii hakuna hata mmoja mwenye adabu?

Niliona aibu ya kweli. Maana hayo ndiyo mawazo yangu mwenyewe!

Nimeishusha. Nimeirudisha ofisini kwenye kabati, nimefunga mlango, nimeivisha vitambaa vyote vitatu, kimoja juu ya kingine, na pembeni nimevibana kwa pini ili visiteleze. Sasa imekaa kama bibi harusi. Nitamwonyesha Shangazi siku ya Jumapili mambo yakishatulia.

Saa tisa na nusu mtandao umekata. Bila shaka imenuna kwa kushushwa.

Ijumaa, 19 Septemba

Uvumilivu umenishinda. Saa tatu asubuhi nimekwenda kumkabili Abdulrazak mbele ya wateja wake. Nilijiandaa. Niliandika hoja saba kwenye kiganja.

Nimemkuta anamnyoa Mtoro, mwuza samaki wetu. Nikasoma hoja ya kwanza mpaka ya tatu, nyingine zilikuwa zimefutika kwa jasho. Abdulrazak akageuka, wembe mkononi. Akasema ndiyo, aliujaribu mtandao wetu, Jumanne, kama mtaa mzima ulivyoujaribu baada ya kutangaziwa paswedi kutoka bafuni. Akafungua picha moja. Akanyoa vichwa viwili. Picha ikawa imefika kwenye shingo. Tangu hapo amerudi kwenye bando lake, na akasema kwa sauti kwamba hata nikimbembeleza hautaki, ukimwingia kwenye simu utamharibia.

Mtoro akacheka, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Mtoro huyo anazunguka soko zima. Kufika mchana hata mama wa maandazi aliniuliza picha imeshafika kiunoni?

Basi si Abdulrazak. Au ni Abdulrazak na anajua kuigiza. Naliacha wazi hilo.

Baada ya swala ya Ijumaa Mama Eufrazia akatuita mimi, Ishaka na Shangazi. Akaongea kwa upole, na upole wake ulinitisha. Akasema mkutano wa kesho ndio uliowaleta Bagamoyo. Ukikatika, wanafunga mizigo mchana huo huo na hawatarudi. Shangazi akanitazama mimi, halafu akatazama upande wa barabara ya Lugoba. Au labda alitazama tu nje. Lakini niliwasikia kuku.

Nimeogopa, niseme ukweli. Miaka mitatu nimeifanya gesti hii ijulikane. Mimi ndiye niliyeipa bango. Kitanda cha chumba namba nne nilikibeba kichwani mwenyewe kutoka kwa seremala. Nikiondoka hapa, kesho kutwa hakuna atakayekumbuka.

Ishaka akashauri tumwite Linda mapema. Nikakataa. Linda akija na kukuta haina tatizo kwa mara ya tatu, mbele ya Shangazi, mimi nitaonekana mwendawazimu. Nina mpango bora. Kesho saa tatu Shangazi hatakuwepo. Nimemwambia Mbegani Jumamosi asubuhi kunashushwa kolekole wazuri, na wanaisha upesi. Amekubali! Mkutano ukikatika, atakuta yamekwisha na nitamsimulia mimi kwa maneno yangu.

Jumamosi, 20 Septemba

Siku ya hatari, lakini imeishia kwangu vizuri sana. Naandika huku natabasamu.

Saa tatu Shangazi kapanda bajaji. Saa tatu na nusu kasharudi. Kakutana na Mtoro njiani, Mtoro akamwuzia kolekole hapo hapo barabarani, na juu yake akampa habari nzima ya kinyozi bila kupunguza. Mwuza samaki hana siri hata moja.

Saa nne mkutano ukaanza. Wageni wote sita kwenye meza ya chakula, kompyuta katikati, mkubwa wao wa Dodoma anaonekana safi, tai nyekundu. Mama Eufrazia akaanza kueleza habari za kaa. Nikahesabu dakika kwenye saa ya ukutani. Dakika ya kumi na moja mkubwa wa Dodoma akaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba.

Nikakimbia ofisini. Mlangoni namkuta nani? Linda, na begi lake, na Ishaka pembeni. Kampigia simu bila ruhusa yangu! Anasubiri nifungue. Nikafungua, nikataka niingie kwanza peke yangu niivue ruta kama kawaida, nikamwomba dakika mbili. Akapita chini ya mkono wangu.

Akasimama mbele ya kabati. Akauliza ruta iko wapi. Nikamwonyesha. Akachomoa pini moja moja, akaondoa kitambaa cha kwanza, cha pili, cha tatu, akaigusa na kuurudisha mkono mara moja. Alipuliza vidole. Akaniuliza hii ni ruta au ni pasi.

Kisha akaeleza, na wakati huo wageni wameshajaa mlangoni. Kwamba ruta ina matundu ya kutolea joto. Kwamba ukiziba matundu hayo inachemka, na ikichemka inajizima yenyewe isiungue. Kwamba hapa Bagamoyo, joto lilivyo, hata kitambaa kimoja kinatosha kuisumbua, sembuse vitatu vyenye bahameli. Akaielekezea feni. Ishaka akarusha bando lake mezani ili mkutano usife, na baada ya dakika chache ruta ikazinduka. Mkubwa wa Dodoma akafumba mdomo. Mkutano umekwisha saa sita, na nasikia wamepongezwa.

Lakini mimi nilikuwa bado ofisini, kwa sababu Shangazi alikuwa ofisini. Kapu la samaki kaliweka sakafuni. Kaokota kitambaa kilichokuwa chini kabisa, kile cha Jumatatu. Katikati kimegeuka rangi, kimekuwa kahawia kama chapati. Akakigeuza huku na huku. Akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, ni nani aliyeviweka hivi.

Sauti ile naijua. Ndiyo aliyoitumia siku aliyomfukuza mlinzi. Nikaona Lugoba yote mbele yangu.

Nikasema ni Ishaka.

Ilitoka yenyewe, wala sikuipanga. Kipaji! Ishaka akafungua mdomo, lakini Shangazi akainua mkono, na sisi tumelelewa hivyo, Shangazi akiinua mkono hakuna anayeongea. Akavikunja vitambaa vitatu, akaviweka kifuani, akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Hakutoka mpaka alasiri. Macho yake yalikuwa mekundu.

Hasira kubwa hiyo. Maskini Ishaka! Nimekula kolekole sahani mbili.

Jumapili, 21 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Wageni wameondoka saa mbili kwa furaha. Mama Eufrazia kamwagizia Shangazi vitambaa sita vya kufuma kama vile, vya nyumbani kwake, na kusema Desemba wanarudi. Nikaona mambo yananyooka. Shangazi akatuita barazani, mimi na Ishaka. Nimevaa shati jeupe.

Akaanza mbali. Kwamba anafuma tangu ana miaka kumi na miwili, kafundishwa na mama yake. Kwamba kagawa vitambaa kwa ukoo mzima, na akipita nyumba za watu havioni. Vimo masandukuni. Kwa ndugu yake Mwajabu alikuta kimoja kimefunikia ndoo. Kwamba hivi vitatu alivifuma miezi mitano macho yakimuuma, akavileta hapa, na mwaka mzima akajua navyo vimekwenda njia ile ile. Akajifuta uso kwa upindo wa khanga.

Halafu akasema: jana kaingia ofisini, kakuta mtu kavichukua vyote vitatu kaviweka juu ya chombo kinacholisha nyumba. Hakuviweka mezani wala kwenye friji. Kama ruta haiwezi kuvumilia kitambaa, ruta ndiyo mbovu, na atanunua nyingine. Lakini kijana wa kufanya vile hakufundishwa, kazaliwa nayo. Na huyo ndiye meneja wake.

Akamwekea Ishaka mkono kichwani.

Ishaka, nimpe haki yake, alisema. Alisema Shangazi, si mimi, ni kaka Seleman. Shangazi akalia upya. Akasema mnaona? Hata sifa zake anampa mwenziwe.

Nikaruka kutoka kwenye kiti. Nikasema ni kweli! Ni mimi! Nimeanza na kimoja Jumatatu, cha pili Jumatano, na Alhamisi vyote vitatu na pini! Na ufunguo wa ofisi ninao mimi!

Akanitazama kama anavyotazama muhogo uliooza, akasema ufunguo huazimwa. Akauliza si mimi niliyemwambia viko kwa dobi? Si mimi niliyekitundika chombo uchi juu ya mlango, mtaa mzima ukaona? Si mimi jana, kwa mdomo wangu, niliyesema ni Ishaka? Leo nimeona mwenzangu anasifiwa, nataka nimvue na hizo sifa?

Nikasema nina shahidi. Nikampigia Linda, nikaweka sauti kubwa wote wasikie. Nikamwomba aseme ukweli mtupu kuhusu ruta na vitambaa.

Akausema. Akasema Jumatano alikuja mara mbili, akapokelewa na kaka Seleman, na mara zote mbili ruta haikuwa na kitu juu yake, tena imefutwa inang'aa. Vitambaa alivikuta mara moja tu, Jumamosi, siku aliyoitwa na kaka Ishaka.

Shangazi akamshukuru sana, akamwuliza hali ya mama yake, wakaagana vizuri.

Bajaji ya kunipeleka stendi imekuja saa tisa. Ishaka kanibebea begi. Machoni alikuwa na huruma, na huruma ya Ishaka ni kitu ambacho siwezi kukisamehe.

Jumatatu, 22 Septemba, Lugoba

Kuku wana kelele kuliko nilivyoelezwa. Wananuka pia. Malori ya barabara kuu yanapita, na kila yakipita kuku wote mia tatu wanageuka kuyatazama, halafu wananigeukia mimi.

Nimepata muda wa kujitathmini kiume, bila kujionea huruma. Mtu mwenye akili finyu angesema kosa langu ni uongo. Mwingine angesema ni vitambaa. Hawaoni mbali. Kosa langu lilikuwa moja tu: haraka. Nilimtaja Ishaka kabla sijajua kama Shangazi amekasirika au amefurahi. Jambo zuri kama lile nikamkabidhi bure!

Sitarudia. Shangazi amebaki Bagamoyo na meneja wake, anakuja Ijumaa kukagua. Leo mchana nilisahau kufunga mlango wa banda na jogoo mkubwa ameondoka, nimemwona kwa macho yangu anavuka barabara. Safari hii sitafungua mdomo mapema. Nitamtazama usoni kwanza, taratibu. Nikihakikisha kabisa kwamba amekasirika, ndipo niseme ni Ishaka.

Ishaka yuko Bagamoyo, najua. Hilo nitalitafutia maelezo kabla ya Ijumaa.